Sarafu za shaba za Roma zisidharauliwe

Mhariri,

Makala yenu kuhusu sarafu za Roma ya kale imeisifia dhahabu na fedha aya kwa aya, kisha shaba ikaachiwa sentensi moja: chenji ya sokoni. Haya, ni chenji. Lakini hiyo ndiyo iliyopita mikononi mwa muuza mikate na mpagazi kila siku, na kwenye shaba ndiko kulikokuwa na nafasi ya kuchora. Sestertius, sarafu kubwa ya shaba, ilikuwa pana kuliko sarafu ya dhahabu.

Pia kuna kosa. Sestertius haikuwa shaba nyeusi. Kaisari Augustus alipozipanga upya sarafu, hiyo na nyingine iitwayo dupondius zilitengenezwa kwa shaba iliyochanganywa na zinki, zikang'aa njano. Sarafu iitwayo as ikawa shaba nyekundu. Dupondius na as zilikaribiana ukubwa, hivyo mnunuzi alizitofautisha kwa rangi. Tangu enzi za Nero, kaisari kwenye dupondius alianza kuvikwa taji la miale. Sarafu ikishakaa ardhini hadi ikageuka kijani, taji hilo humsaidia sana anayeikagua.

As ya zamani, kabla ya makaisari, ilikuwa na Janus, mungu wa Waroma mwenye nyuso mbili, upande mmoja na omo ya merikebu upande wa pili. Watoto waliokuwa wakirusha sarafu walipiga kelele "vichwa au merikebu!" Macrobius, mwandishi wa Kiroma, anautaja mchezo huo.

Baadaye picha zikawa na makali. Nero alichora hekalu la Janus milango ikiwa imefungwa, ishara kwamba kuna amani bara na baharini. Alikufa mwaka 68 BK. Mwaka uliofuata Roma ilipata makaisari wanne. Mimi huiona sarafu hiyo kama tangazo lililochakaa kabla ya wino kukauka.

Sarafu ya Vespasian, wa mwisho kati ya hao wanne, ya mwaka 71 BK haichekeshi. Jerusalem ilikuwa imeanguka mikononi mwa Waroma mwaka uliotangulia. Katikati umesimama mtende, chini yake mwanamke ameketi akilia, na pembeni maneno IVDAEA CAPTA, yaani Yudea imetekwa. Maombolezo ya watu yakawa pesa ya kununulia mboga, na kila aliyerudishiwa chenji alimshika mwanamke huyo kiganjani.

Mkirudia mada hii, naomba mchapishe picha yake, kubwa kiasi cha kuuona uso wake.

Msomaji wenu,
Dar es Salaam