Mkienda Moshi msiishie mjini

Mhariri, assalaam alaykum.

Naomba nafasi kidogo kwenye ukurasa wa barua. Kila likizo zikikaribia nasikia watu wa kwetu, Unguja na Pemba, wanasema wanakwenda Moshi kuona mlima Kilimanjaro, na wakirudi ukiwauliza wameona nini utaambiwa baridi, mji msafi, mitumba ya sokoni, na mlima wenyewe siku zote ulikuwa mawinguni. Basi. Mtu kavuka bahari kwa boti, kakaa kwenye basi kutwa nzima kutoka Dar, halafu kalala gesti karibu na stendi akarudi zake! Inaniuma kwa kweli, kwa sababu mie mama wa Chake Chake mwanangu anasoma chuo huko, nakwenda kumtazama mara kwa mara, na kilichonifanya niipende Moshi hakipo mjini hata kidogo, kipo kwenye vijiji vya Wachagga huko juu mlimani.

Kwanza huo mji wenyewe umetoka kijijini. Moshi ya asili ndio hiyo wanayoiita Old Moshi, juu mlimani, Wajerumani walikuwa na boma lao huko, reli ya kutoka Tanga ilipofika kule chini kwenye 1911 ndio mji mpya ukakua karibu na stesheni. Ukipanda Old Moshi, sehemu ya Tsudunyi, utaoneshwa pahala Wajerumani walipomnyonga Mangi Meli, mtawala wa Wachagga wa pale, mwaka 1900 pamoja na viongozi wenzake, na wenyeji wanakwambia kichwa chake kilichukuliwa kikapelekwa Ujerumani na ukoo wake bado unakitafuta. Nilisimama pale nikawafikiria wanafunzi wetu, skuli wanasoma habari za Wajerumani na Maji Maji wakajibu mtihani vizuri, lakini nani aliyewapeleka wakasikia habari ya Meli kwa watu wa kwao?

Marangu nako rahisi tu, unapanda haisi mjini, mnapita Himo, mnapandisha mpaka Marangu Mtoni. Watu wanaijua kwa ajili ya geti la kupandia mlima, na ni kweli wapagazi na waongozaji wengi wanatoka vijiji vile, hata mzee Yohani Lauwo anayesemekana kumuongoza Mjerumani Hans Meyer kileleni mwaka 1889 alikuwa mtu wa Marangu. Lakini wewe huna haja ya kupanda mita 5,895. Tembea kwa miguu baina ya vihamba. Kihamba ni shamba la ukoo, nyumba katikati, migomba imeizunguka, chini ya migomba kahawa, chini ya kahawa magimbi, na ng'ombe yumo zizini analetewa majani, mbolea yake inarudi kwenye migomba. Mtu wa Pemba haimchukui muda kuelewa, sie tumekulia kwenye mashamba ya mikarafuu yenye migomba na mihogo ndani yake. Kilichonishangaza mimi ni maji. Kuna mifereji wanaiita mifongo, wazee wao waliichimba kwa mikono kutoka kwenye mito ya juu karibu na msitu, inapita kwenye miteremko mikali mpaka kwenye vihamba, watu wana zamu zao za kumwagilia, na mfongo ukibomoka wanatoka pamoja kuutengeneza. Nilikaa kwenye ukingo wa mfongo mmoja nikamsikiliza bibi mmoja anavyonieleza zamu zao, wallahi ilinikaa moyoni kuliko ile theluji.

Na kahawa jamani. Sie kila jioni tuko barazani na vikombe vya kahawa chungu, lakini wangapi tumeuona mti wa buni? Nendeni Materuni, huko Uru, kuna maporomoko ya maji na kuna wanakijiji wanakuonesha kahawa toka inachumwa, inamenywa, inaanikwa, inakaangwa, mpaka inatwangwa kwenye kinu kwa nyimbo. Watu hawa walikuwa na ushirika wao wa kahawa, KNCU, tangu 1933. Leo sehemu nyingi vihamba vimegawanywa vidogo vidogo kwa watoto, vijana wamekwenda mijini na mibuni imezeeka, kwa hiyo mgeni akilipa pale kijijini, akala pale, akamchukua kijana wa pale kumuongoza, ile pesa ina kazi kubwa. Kuna kampuni moja mjini ilitaka kunitoza bei ya kutisha ikaniambia bila ya gari yao sifiki, na kumbe daladala zipo na bodaboda zipo.

Najua watu wetu wanaogopa habari ya chakula. Nyama uliza nani kachinja, hawakasiriki, na kama una shaka kula kiburu, ndizi na maharage vimepikwa pamoja, kitamu sana. Mbege ni pombe ya ndizi, ukikaribishwa sema tu mimi Muislamu, mie nililetewa chai ya maziwa na mazungumzo yakaendelea.

Ombi langu kwako Mhariri, kurasa zenu za safari zisiwe za kilele na mahoteli tu, tuandikieni Marangu, Mamba, Machame, Kibosho, siku gani soko gani linakaa, haisi zinaondokea wapi, watu wa kawaida wenye pesa kidogo waweze kwenda wenyewe na watoto wao. Anayetaka kuuona mlima aamke alfajiri, mchana mawingu yanashuka. Avae sweta mwezi wa sita mpaka wa nane. Na anayekwenda Disemba akate tiketi mapema mno, Wachagga wanarudi nyumbani kipindi kile na mabasi yanajaa yote.

Mama wa Chake Chake,
Pemba