Taarifa ya mwaka ya mwenyekiti: miti mikubwa kwanza

Ndugu wanachama, salaam nyingi kwenu wote. Mwaka umeisha na katiba yetu inataka mwenyekiti aje aseme tumefanya nini, sasa mambo ya fedha mtayapata kwa mweka hazina, ukaguzi umepita salama kwa hiyo hapo sikai sana, mi nataka tuongee miti na joto la mji maana ndo kilichotukutanisha.

Kamati mwaka huu iliamua kitu ambacho baadhi yenu hamkukipenda, kwamba upandaji mpya upungue na nguvu ziende kwenye kutunza miti mikubwa na kumwagilia ile michanga. Najua siku ya kupanda inapendeza, watu wanajaa, picha zinapigwa, lakini jamani mche unaofika gotini haumpozi mtu leo wala mwakani, unataka miaka na miaka mpaka matawi yafunike njia, wakati mti mkubwa ukikatwa asubuhi mchana wake tu joto mnaliona.

Lami na saruji zinanyonya jua mchana kutwa alafu usiku zinalitema, ndo maana usiku wa mjini haupoi kama wa nje ya mji, Luke Howard, Mwingereza aliyekuwa anachunguza hali ya hewa, alishaliona hilo London mwanzoni mwa miaka ya 1800 kwa kulinganisha vipimo vya ndani ya jiji na vya pembeni. Mti unasaidia kwa kivuli kwanza, lami au ukuta uliokingwa jua, ukipima joto la uso wake wenyewe na si la hewa, unaweza kuwa chini kwa nyuzi 11 mpaka 25 za Selsiasi ukilinganisha na ulio wazi, na pili majani yanatoa jasho kupitia vitundu vyake, na maji yakigeuka mvuke yanabeba joto. Lita 100 tu zikivukizwa zinaondoa joto sawa na yuniti kama 68 za umeme! Nyasi tupu hazifiki huko, utafiti wa 2021 kwenye miji 293 ya Ulaya ulikuta miti inapoza uso wa ardhi mara 2 mpaka 4 kuliko maeneo ya kijani yasiyo na miti.

Lakini mti wenye kiu unafunga vile vitundu, jasho linakata, kinabaki kivuli peke yake. Tulipoanza kumwagilia tukakuta saruji imemwagwa mpaka kwenye shina kabisa, unamimina ndoo nzima maji yanateleza juu yanaishia mtaroni na udongo chini mkavu kama haujaguswa, kwa hiyo wanachama wakashika nyundo na tindo wakaivunja ile saruji polepole bila kujeruhi mizizi, tukaweka udongo na majani makavu juu, sasa maji yanazama. Kwangu mimi hiyo ndo kazi kubwa ya mwaka huu kuliko mche wowote.

Kuna waliouliza kama haya yanaleta tofauti kweli kwa mji mzima. Medellín kule Kolombia walianza 2016 kutengeneza njia za kijani 30 kando ya barabara na mito, joto likashuka kama nyuzi 2 kwenye maeneo hayo. Na 2023 watafiti walikadiria kwa miji 93 ya Ulaya kwamba miti ikifunika asilimia 30 ya mji ingeokoa watu zaidi ya 2,600 kwa msimu mmoja wa joto, na hao ni wazee wengi na wagonjwa, watu wanaofia ndani ya nyumba zao kimya kimya, hili linaniuma sana.

Mwaka ujao kamati inapendekeza tuanzie mitaa isiyo na kivuli kabisa, hasa vituo vya basi na karibu na zahanati, na huko lazima tupande, ila mche usipopata mtu wa kuumwagilia miaka mitatu ya mwanzo tusiupande. Anayetaka kuchukua mti wa kuumwagilia ampe katibu jina lake kabla miezi ya joto haijaanza, aseme na siku anazoweza, ndoo zipo stoo.