Kabureta mmesafisha, mbona imezima tena?

Wiki hii tena sisi mafundi pikipiki tumeambiwa tumekula hela ya mtu. Malalamiko haya yanajirudia na kisa ni kilekile, ngoja tukieleze.

Kijana wa Nyegezi, hapa Mwanza, ndo kwanza anajifunza kuendesha, kanunua pikipiki ya mtumba, Virago 250, usiku. Kruza kama hizi zinawapata sana wageni wa pikipiki, siti iko chini, miguu yote inakanyaga, mtu akishakaa tu anatoa hela. Alivyofika kwa muuzaji akaikuta inaunguruma tayari, akaridhika. Asubuhi kapiga stata mpaka betri imeisha, na hizi hazina kiki kama Boxer. Kaileta hapa Mabatini juu ya toyo.

Kufungua kabureta, pale petroli inapochanganywa na hewa, bakuli lake lina gundi ya kijani ya petroli iliyolala muda mrefu, jeti ndogo, kile kitundu cha kupitisha petroli, imeziba hata uzi wa shaba haupiti. Tukamulika tenki kwa tochi, kutu kama vumbi la matofali. Tukamwambia kaka, tenki lishuke lioshwe, na filta ya mafuta ibadilishwe. Akasema hapana, safisheni kabureta tu, hela imeishia kwenye kununua. Tukasafisha, ikaimba. Siku ya 6 kutu ileile ikashuka ikaziba jeti ileile, pikipiki ikamzimikia kwenye mlima wa Bwiru, daladala iko nyuma yake inapiga honi, na sasa wezi ni sisi! Kalipa ufundi mara 2 na tenki likaoshwa vilevile.

Ukaguzi wetu wa pikipiki kabla hujanunua ni elfu 30, tunaenda na wewe kwa muuzaji. Mnasema ghali kwa kuangalia tu. Hatuangalii tu jamani. Kwanza tunashika injini, tukiikuta ya moto tunasubiri ipoe hata saa nzima, maana ugonjwa wa kuwaka unaonekana ikiwa baridi. Ikitoa moshi wa bluu inakula oili. Ubavuni mwa tairi tunasoma zile namba 4, 2314 ni wiki ya 23 ya mwaka 2014, mpira huo hata kashata, yale meno ya tairi, ziwe nzima ushakauka, kwenye mvua utakuangusha. Namba ya chesesi nayo tunalinganisha na kadi, hiyo haichukui hata dakika 2.

Ukishapata ya kununua tupigie kabla hujatoa hata advansi, twende asubuhi, na mwambie muuzaji asiiwashe mpaka tufike.