Vifaa Janja vya Nyumbani Hutuma Nini, na kwa Nani?

Wateja wengi wanaotuita kuwafungia kamera au ruta huamini kwamba runinga janja, yaani iliyounganishwa na intaneti, ikishazimwa kwa rimoti haina tena mawasiliano na mtu. Mara nyingi runinga hiyo huwa inasubiri tu, na ukiangalia kumbukumbu za ruta utaikuta saa nane za usiku ikitafuta seva (kompyuta za mbali zinazopokea data) za mtengenezaji na za kampuni za matangazo, ilhali sebuleni hakuna mtu.

Hatusemi haya ili kuwatisha wateja wetu. Mnamo Februari 2017, kampuni ya Vizio ya Marekani ilikubali kulipa dola milioni 2.2 kumaliza shauri lililodai kwamba runinga zake milioni 11 zilikusanya taarifa za vipindi vilivyotazamwa, sekunde kwa sekunde, bila wenyewe kujua wala kuridhia. Kwa kuwa utambuzi ulifanywa kwa picha iliyoko kwenye kioo, hata kilichochezwa kwa deki ya DVD kilihesabiwa.

Huduma yetu ya kukagua vifaa hivi huwasiliana na nani huanza kwa kuhamishia vifaa janja kwenye Wi-Fi yao peke yao, kisha tunaunganisha kompyuta ndogo inayoandika kila seva iliyotafutwa, kifaa kilichoitafuta, saa na kiasi cha data kilichotoka. Tunaiacha wiki nzima, kwa sababu kifaa kinaweza kupakua masasisho leo kikanyamaza kesho. Yaliyomo ndani ya mawasiliano hatuyaoni, maana mengi yamesimbwa, yaani yamefichwa yasisomeke na wengine, lakini kiasi na muda hutosha kuuliza maswali: kamera ya getini uliyoiagiza irekodi kwenye kadi yake pekee haina sababu ya kupandisha data mfululizo usiku kucha. Vipo pia vifaa vinavyokwepa ukaguzi kwa kutumia njia yao wenyewe ya kutafuta seva, na vifaa hivyo tunavifuatilia kwenye ruta.

Tunasisitiza kutenganisha Wi-Fi kwa sababu kumbukumbu hizi zikichanganyika na simu za familia huwa zenyewe ni upelelezi, zikionyesha nani alikuwa macho na alitembelea tovuti zipi. Kwa hiyo simu hatuzigusi, na kumbukumbu zote hubaki kwako, uzifute utakapo.

Kabla hatujafika, tafuta nenosiri la msimamizi wa ruta, na usizime chochote kwenye mipangilio ya runinga, ili tuione jinsi inavyofanya kazi kila siku.