Wanakata miti, nyuki watalala wapi?

Bwana Mhariri,

Naandika toka Katuba, hapa Lubumbashi, juu ya nyuki, maana naona hakuna mtu anawasemea. Mama analima maboga njia ya Kipushi, mwaka huu maua yalikuwa mingi sana lakini matunda yalibakia kama kidole, yakawa manjano, yakaanguka. Ua la boga linafunguka alfajiri, saa sita limeshafunga, na ua dume na ua jike yako mbali mbali, nyuki asipopita hakuna kitu. Nilikaa pale asubuhi mzima nikaona nyuki wawili tu!

Miti ya miombo yenye mashimo njo nyumba yao, na sisi tunaigeuza makala, makaa ya kupikia. Wale wadogo wasiouma wanaingia kwa katundu kadogo ka shina, mti ukianguka na wao wamekwisha. Hata vinkubala, wale viwavi tunavyokula, vinakula majani ya miti ile ile. Jamani wachoma makala, naomba, mti wenye nyuki muuache usimame, na nyie wa kupiga dawa shambani pigeni jioni, maua yakishafunga.

Msomaji wenu, Katuba