Risala ya Waendeshaji Bodaboda wa Steji ya Soko, Hoima

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, viongozi wa mji wetu, wazee, akina mama wa sokoni na wageni wote, karibuni sana.

Sisi ni wanachama 42 wa kikundi cha kuweka na kukopa, na leo tunafunga mwaka wa nne wa akiba. Hesabu za fedha atazisoma mweka hazina. Sisi tumetumwa kusema habari ya mafuta, maana ndiyo yanayotulisha na ndiyo yanayotukohoza.

Mheshimiwa, siku ikiwa nzuri kila mmoja wetu humaliza lita tatu za petroli. Abiria wetu mmoja, mwalimu wa sayansi, alituambia kwamba lita moja ikiungua hutoa takriban kilo 2.3 za hewa ya ukaa. Tukambishia. Lita ya petroli haifiki hata kilo moja kwenye mizani, itazaaje kilo mbili na zaidi? Akatufafanulia kuwa kaboni iliyomo kwenye mafuta hushikana na oksijeni ya hewani, na sehemu kubwa ya uzito ule ni oksijeni hiyo. Tukapiga hesabu: steji nzima, karibu kilo 290 kwa siku. Hayo ni kama magunia matatu ya mahindi yanayopaa kila siku bila mtu kuyaona.

Hewa hiyo hubaki juu miaka mingi ikishika joto. Barafu ya Milima ya Rwenzori ilikuwa na ukubwa wa takriban kilomita za mraba 6.5 mwaka 1906. Kufikia 2003 haikutimia hata moja. Wenzetu waliotoka Kasese, chini ya milima hiyo, wanaukumbuka Mto Nyamwamba ulivyofurika Mei 2013, na tena Mei 2020. Hatusemi kila furiko limeletwa na pikipiki zetu. Lakini fungu letu tunalijua.

Moshi nao hauendi mbali. Chembe zake ni ndogo mno, hupenya mapafu hadi kwenye damu, na anayeketi nyuma ya silensa ya lori kutwa ni sisi. Huko Kampala, mradi wa AirQo wa Chuo Kikuu cha Makerere umefunga vipima hewa, vingine juu ya bodaboda. Tukiletewa hata kimoja Hoima, tutakizungusha kila mtaa bila kudai nauli.

Mheshimiwa, tunaishi jirani na mafuta ambayo hatuyachomi. Mwaka 2006 yalithibitishwa huku kwetu kandokando ya Ziwa Albert, na bomba la kilomita 1,443 limepangwa kuyatoa Kabaale, hapa Hoima, hadi Chongoleani, Tanga, nchini Tanzania, huku yakipashwa joto la nyuzi 50 hivi kwa sababu yana nta, yakipoa yanaganda. Petroli ya matangi yetu, kwa upande wake, inapandia Mombasa. Hatupingi kazi, wapo kati yetu waliosomesha watoto kwa kubeba wafanyakazi wa huko. Ila mvuvi wa Ziwa Albert hana ziwa la akiba, na hilo tungependa lisemwe katika vikao ambavyo sisi hatualikwi.

Tuna na kosa letu wenyewe. Kwa miaka mingi oili chafu tumeimwaga kwenye mtaro wa nyuma ya soko, nao unateremka hadi kwenye kinamasi wanakochota maji watu wa bondeni. Nyingine tuliwagawia watu wapake nguzo za uzio, mchwa wasizile, tukajiona tumetenda wema. Tangu Januari tumeacha, na tumenunua pipa. Sasa limejaa, na hatuna pa kulipeleka.

Kwa hiyo tunaomba mambo mawili. La kwanza, halmashauri itutafutie mchukuaji wa oili hiyo anayejua kuisafisha. La pili, kituo cha kubadilisha betri za pikipiki za umeme hapa Hoima, pamoja na mkopo wa masharti ambayo mwendeshaji anaweza kuyabeba. Umeme wa Uganda kwa sehemu kubwa unatokana na maji ya Nile, na bwawa la Karuma peke yake lina megawati 600. Betri zikichoka nazo ni taka, tunajua, ndiyo maana tunataka zibadilishwe kituoni zisije zikafuata njia ya mtaro.

Pipa liko nyuma ya hema, Mheshimiwa. Tumelifungua mfuniko ili ulione kabla hujapanda kuzungumza nasi. Karibu.