Mkanda haujui miaka ya mtoto

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nijibu ile habari ya usalama wa watoto barabarani mliyoitoa shule zilipokaribia kufungwa. Ukurasa huu wa barua nausoma tangu zamani na sijapata kuandika hata mara moja, hata pale mlipokosea mambo ya huku kwetu Malindi. Safari hii nimeshindwa kunyamaza. Mmeandika kwamba mtoto akishatimiza miaka minane hahitaji tena kiti chake ndani ya gari, afungwe mkanda kama mtu mzima, basi. Mkaongeza na picha: mtoto anacheka kiti cha nyuma, mkanda wa juu umempita shingoni, wa chini umemlalia tumboni usawa wa kitovu. Picha ile imeniuma kuliko maneno yenyewe. Mzazi wa Muyeye au wa Gongoni akiiona atasema, kumbe ndivyo afungwavyo, na kesho atamfunga mwanawe vivyo hivyo.

Mimi ni fundi wa viti vya magari. Nabadilisha sponji, nashona vitambaa na ngozi bandia, nafungua viti na kuvirudisha, kwa hivyo mikanda hii naishika kila siku. Mkanda haujui miaka ya mtoto. Unajua mgongo wake una urefu gani, mfupa wa nyonga uko wapi na bega linafika wapi. Nimeona watoto wawili wa darasa moja, mmoja mkanda umemkaa sawasawa, mwenzake umemkata koo. Mkanda huu wa kupita begani na kiunoni ulibuniwa na Nils Bohlin wa kampuni ya Volvo mwaka 1959, na mpaka leo pale unapoanzia, kwenye nguzo ya mlango, pamewekwa kwa kimo cha mtu mzima. Mtoto hakuhesabiwa pale. Ndiyo maana kukawa na kile kiti cha kuinulia, busta kama kinavyoitwa madukani. Kiti hicho hakimshikilii mtoto, kinachomshikilia ni mkanda wa gari. Kazi yake ni kumpandisha mpaka mkanda umfikie panapostahili, na yale masikio yake mawili ya pembeni huuvuta mkanda wa chini ukae mapajani.

Sasa, huko Marekani wanashauri mtoto abaki kwenye busta mpaka afike kama sentimita 145, na wengi hawafiki kimo hicho kabla ya umri wa kati ya miaka minane na kumi na miwili. Uingereza sheria inasema mpaka sentimita 135 au miaka 12, lolote litakalotangulia. Nchi nyingine za Ulaya zinadai sentimita 150. Wanatofautiana, lakini hakuna anayetazama keki ya siku ya kuzaliwa peke yake. Na hata hizo sentimita ni mwanzo tu. Baada ya kumpima mtoto lazima umketishe ndani ya gari lenyewe umtazame. Mgongo umeegemea kabisa nyuma? Magoti yamekunjika vizuri kwenye ukingo wa kiti, au miguu imenyooka mbele? Miguu ikinyooka, subiri kidogo tu, atateleza mbele apate kukunja magoti, na akiteleza mkanda wa chini unapanda tumboni. Mkanda wa chini uwe umelala chini kabisa, unagusa mapaja, juu ya mifupa ya nyonga. Wa juu upite katikati ya bega na kifua, usiguse shingo wala usining'inie nje ya bega. Halafu kuna jambo ambalo watu hulisahau: aweze kukaa hivyo safari nzima, hata akishikwa na usingizi. Moja likikosekana, arudi kwenye busta. Na kwa kuwa kiti cha nyuma cha Probox si sawa na cha Noah, mtoto aliyefaulu kwenye gari moja anaweza kushindwa kwenye jingine siku hiyo hiyo.

Nakuandikia haya kwa sababu miaka minane mliyoitaja niliisikia kwanza kinywani mwa dereva.

Mwaka jana mke wangu alikodi gari kumpeleka mjukuu wetu Mombasa. Mtoto ana miaka minane, mwembamba, mfupi kuliko wenzake. Mke wangu alitoka nyumbani na busta mkononi. Dereva akaitazama akasema, "Mama, mtoto mkubwa huyu, miaka minane, hiyo ni ya vitoto vichanga," akaitupa kwenye buti. Mke wangu alipobisha akaambiwa gari linachelewa na abiria wengine wanangoja. Mtoto akaketishwa katikati ya kiti cha nyuma, baina ya watu wazima wawili, pahali penye mkanda wa kiunoni peke yake. Kupita Gede kidogo, karibu na Mida, pikapu iliyokuwa mbele ilisimama ghafla na gari lao likaigonga kwa nyuma. Mwendo haukuwa mkubwa, kioo hata hakikupasuka, na watu wazima wote walishuka wakijipangusa. Mtoto alikunjika mara mbili juu ya ule mkanda. Mwanzo alinyamaza tu. Kufika Kilifi akaanza kutapika, na jioni nilipofika hospitali nikamfunua shati nikaiona alama: mstari mwekundu unaoelekea rangi ya zambarau, upana wa vidole vitatu, umetoka ubavu huu mpaka ubavu huu, chini kidogo ya kitovu. Ukiuweka mkanda wa gari juu yake ungelingana nao. Daktari akatueleza kwamba mifupa ya nyonga ya mtoto bado ni midogo na laini, haijatokeza ncha za kuuzuia mkanda, kwa hivyo mkanda ukikaa juu hukandamiza utumbo kwenye uti wa mgongo. Akasema utumbo ukitoboka hauonyeshi saa ile ile, unaweza kungoja mpaka kesho yake, na uti wa mgongo nao huweza kuvunjika kiunoni. Ndiyo maana hawakumruhusu kutoka. Tulikesha tunamshika tumbo na kumuuliza, hapa panauma? Na hapa? Alhamdulillahi, utumbo wake ulikuwa mzima. Lakini nilipokutana na yule dereva, Mhariri, hakuniomba hata radhi. Aliniuliza, "Si alikuwa amefunga mkanda?" Swali lile halijanitoka. Alikuwa amefungwa, ndiyo. Amefungwa mkanda wa kiunoni tu, tumboni, na busta yake iko kwenye buti! Na tena hata angeketishwa juu ya busta pale katikati isingefaa, kwa kuwa busta haitumiwi kabisa na mkanda wa kiunoni peke yake. Lazima pawe na wa begani. Angewekwa pembeni, dirishani, panapo mkanda kamili, na mtu mzima mmoja akakaa katikati. Ni kubadilishana viti tu. Halafu nafungua gazeti lenu, gazeti ninalolinunua kwa pesa yangu, nakuta maneno ya yule dereva yamepigwa chapa.

Hao askari wa barabarani nao nawashangaa. Kutoka hapa mpaka Mtwapa utasimamishwa mara kadhaa. Ataangaliwa dereva kama kajifunga, itaangaliwa stika ya bima, ataulizwa leseni. Sijapata kuona askari akiinama dirishani kutazama mkanda umempita wapi mtoto wa nyuma. Sheria ya Trafiki, kifungu cha 22A, inamtoza asiyefunga mkanda shilingi 500, lakini kufunga ni kusikia "kla" tu, basi mambo yamekwisha.

Na matatu ndiyo usiseme. Tunaokumbuka mwaka 2004, marehemu John Michuki, waziri wa uchukuzi wakati ule, alipoleta zile kanuni zake za matatu, kila matatu ilitiwa mikanda na vidhibiti mwendo vya kilomita 80 kwa saa, na kwa muda watu walifunga kweli. Leo mikanda ile imegeuka kamba za grisi. Mingine imekatwa, mingine imesukumwa chini ya kiti, na abiria wanakumbushwa na kondakta kizuizi cha polisi kinapokaribia, wakikipita wanafungua. Watoto hawahesabiwi kabisa: wanapakatwa ili wasilipiwe nauli, au wanabanwa watatu kwenye kiti cha wawili. Mama anamshika mwanawe kifuani akiamini mikono yake itatosha. Haitatosha hata mwendo wa kilomita 40.

Nirudi kwenye kazi yangu, maana hapa nina la kuwaambia wazazi ambalo gazeti halikuligusa. Watu huniletea magari wanataka kava za viti zinazofunika kila kitu, na zikishavaliwa lile tundu la kuchomekea mkanda linazama chini lisionekane tena. Mimi nakata nafasi yake hata mteja akisema nimemharibia kava. Wengine wanataka niushone mkanda uwe mfupi, au niufunge fundo. Sikubali. Mkanda ukitiwa sindano au ukifungwa fundo umepoteza nguvu zake. Kuna na vile vibanio vinavyouzwa vya kuushusha mkanda wa juu usimguse mtoto shingo. Vinaushusha kweli, lakini huku vinauvuta ule wa chini upande tumboni, yaani vinafanya lile lile lililompata mjukuu wangu. Na kila mwezi yupo mzazi anayeniomba nimshonee mto mnene wa sponji badala ya busta, apunguze gharama. Namwelewa, busta si rahisi. Lakini sponji naijua: gari likisimama kwa nguvu inabonyea, mtoto anazama na kupita chini ya mkanda. Busta ina sehemu ya kuushika mkanda, mto hauna. Anayeona ni bora kumpitishia mtoto mkanda wa juu nyuma ya mgongo au chini ya kwapa ili asilie shingo, huyo amemwachia mkanda wa tumboni peke yake, au ameuelekeza ule wa kwapani kwenye mbavu. Mtoto anayelia shingo anakwambia bado ni mfupi. Msikilize.

Ninachotaka ni hiki. Kwanza mchape picha nyingine, ukubwa ule ule, ukurasa ule ule, ya mtoto aliyefungwa ipasavyo, na mseme waziwazi kwamba ile ya kwanza ilikuwa na kosa. Msiifiche kwenye kona ya masahihisho. Pili, shule zote za msingi kuanzia Malindi mjini mpaka Mambrui zipige mstari wa rangi kwenye nguzo ya lango, sentimita 145 kutoka chini. Kopo moja la rangi linatosha shule nyingi. Siku ya kufungua muhula kila mtoto asimame pale mbele ya mzazi wake. Aliye chini ya mstari, mzazi ajue kwamba bado anahitaji kuinuliwa. Aliyeufikia, akaketishwe garini atazamwe kama nilivyoeleza. Walimu wasiachiwe peke yao, waitwe na madereva wa yale magari ya kubeba wanafunzi, kwa sababu wao ndio wanaowapanga watoto kila asubuhi. Na askari wa trafiki wa hapa wapewe utepe wa kupimia, ni kitu cha kuweka mfukoni.

Kwa upande wangu, Jumamosi asubuhi karakana itakuwa wazi kwa ajili hiyo. Mzazi yeyote amlete mtoto, alete na busta kama anayo, nitaitazama kama inakaa kwenye kiti bila kuyumba na kama mtoto ana kitu cha kuegemeza kichwa, maana viti vingine vya nyuma ni vifupi mno na vinataka busta yenye mgongo. Sitadai hata senti. Sharti langu ni moja: waje na gari lile lile linalompeleka mtoto shule, si la shemeji lililo zuri zaidi. Na wakija na teksi, waje na dereva.

Fundi wa viti vya magari,
Maweni, Malindi